Mheshimiwa Tansley Alizungumza

Nimesoma vyuo vinane vya Marekani na sijawahi kukanyaga hata kimoja. Nimeandika kuhusu magonjwa ya ng'ombe, ndoa za Wachina na sababu za benki kuanguka, na kila mara jina lililokaa juu ya karatasi lilikuwa la mtu mwingine. Kwetu Bungoma kazi hii ilikuwa na vijana wengi. Mwanafunzi wa Marekani anapewa insha na mwalimu wake, anaona uvivu, anaitupa mtandaoni, na sisi tunaidaka kabla haijagusa ardhi. Nilipokuja Doha mwaka 2013 kuwa mlinzi, nilidhani nimeachana nayo. Wapi! Mtu aliyezoea kuchunguza mambo yasiyomhusu haponi haraka.

Kwa hiyo Mheshimiwa Elwood Tansley aliponijia, mapema Julai 2014, alikuwa kazi tu kama kazi nyingine. Maneno elfu tatu: maisha na utumishi wa mbunge wa bunge la jimbo, mwanzoni mwa karne iliyopita, na aliacha nini. Jimbo lenyewe ni moja ya yale ya katikati, yenye mahindi mengi kuliko watu.

Nilikuwa nalinda jengo la ghorofa saba mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, zamu ya asubuhi hadi jioni. Nilikuwa na kiti, feni, swichi ya kuinua kizuizi cha magari, na daftari la matukio ambalo lazima niandike kila kitu: nani kaingia, nani katoka, lifti imekwama saa ngapi. Baada ya saa saba mchana hakuna tukio. Jua la Julai kule hufukuza hata paka barabarani. Hapo ndipo nilipokuwa nikimwandika Tansley, kwa kidole gumba, simu ikiwa mapajani.

Ila nisidanganye. Julai ile Tansley alikuwa wa kunisahaulisha tu. Jambo langu lilikuwa nyumbani.

Baba yangu, Mzee Paul Barasa, alikuwa diwani miaka kumi na mitatu, na ingawa wapiga kura walimwangusha mwaka 1992, hakuna aliyewahi kumwita jina lingine. Diwani. Hata marehemu mama alimwita hivyo akimpelekea uji. Alikuwa na sauti ya kufukuza ndege shambani bila kurusha jiwe. Mwezi wa tano sauti ikaanza kukwaruza. Katikati ya mwezi wa sita daktari wa Eldoret akasema ni saratani, imeshika kikoromeo, na dawa yake ni kukitoa kikoromeo chenyewe. Angepona, lakini asingesema tena.

Diwani akakataa kukatwa. Si kwamba aliogopa kisu. Alisema kuna maneno ambayo baba humwambia mwanawe wa kwanza kabla hajafa au kabla hajanyamaza, na maneno hayo hayapiti kwenye simu. Mwana awe mbele yake, waangaliane. Mwana huyo ndiye mimi, Athanas. "Akija nitasema, kisha mnikate," alimwambia dada yangu Winfred, aliyekuwa akimuuguza. Daktari akatoa wiki sita. Alisema zikipita, ugonjwa utakuwa umeshuka kifuani na kisu hakitakuwa na kazi tena.

Basi nilichotaka duniani kilikuwa kimoja: kufika Bungoma kabla ya wiki sita kwisha.

Siku hizo kutoka Qatar hakukuwa suala la tiketi. Mwajiri alipaswa kutia saini kibali cha kutoka, na bila saini hiyo ungerudishwa uwanja wa ndege na begi lako mkononi. Pasi yangu ya kusafiria nayo ilikuwa kwenye kabati la kampuni. Nikaandika barua, nikaambatisha karatasi ya daktari, nikaipeleka ofisi ya kampuni, mtaa wa Najma, kwa Mwangi.

Mwangi ni Mkenya mwenzetu, mtu wa Nyeri, karani wa yule mandubu anayezungusha karatasi zetu kwenye ofisi za serikali. Shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi hata saa tisa alasiri. Aliisoma barua yote, jambo ambalo makarani hawafanyi, akatikisa kichwa.

"Pole sana, Atha. Hiyo ni mbaya. Mimi naipeleka kwa mudiri leo leo. Yeye ndiye mkubwa wa kampuni, ndiye anasaini exit."

"Itachukua siku ngapi?"

"Wewe tulia. Nitakushtua."

Hakunishtua. Siku ya nne nikampigia mwenyewe.

"Relax, boss," akasema. "Iko mezani kwa mudiri."

Nilifurahi hadi nikamnunulia mwenzangu wa chumbani, Kiprop, chai ya karaki bila kuombwa. Kisha nikampigia baba.

Baba akizungumza mambo ya serikali huacha Kibukusu chetu na kuvaa Kiswahili, kama wengine wanavyovaa tai. Nikamwambia, "Baba, barua imewekwa mezani." Nikamsikia akicheka kwa sauti yake ile iliyokwisha kuwa na mchanga.

"Mezani! Sasa hapo umesema. Unakumbuka hoja yangu ya daraja?"

Nani angesahau hoja ya daraja? Tulilala nayo na kuamka nayo. Mwaka 1986 alipigania hoja ya daraja la mto wetu miezi minane, makarani wakiificha kwenye droo, mpaka siku moja mwenyekiti wa baraza akatangaza kwamba hoja ya Diwani Barasa imewekwa mezani. Ikajadiliwa, ikapigiwa kura, daraja likajengwa. Lipo hadi leo.

"Kazi yote ni kufika mezani, mwanangu," baba akasema. "Kitu kikishawekwa mezani hakifichiki. Hapo kimebaki kura tu. Mimi nakungoja."

Siku hiyohiyo akamwambia Winfred ampigie daktari aahirishe.

Nikarudi kwa Tansley nikiwa na moyo mweupe. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyompenda. Alizaliwa 1866, mtoto wa mhunzi. Akaenda kufunga breki za treni enzi zile breki zilifungwa kwa mikono, mtu amesimama juu ya behewa kwenye barafu. Treni ilimla vidole viwili vya mkono wa kuume. Wenzake wa reli wakamchagua kuingia bunge la jimbo mwaka 1907, na kwa kuwa hakuweza kushika kalamu vizuri, mke wake, Virginia, ndiye aliyemwandikia barua na hotuba zote. Alipewa kiti cha nyuma kabisa, karibu na jiko la makaa, mahali ambapo wabunge wazito hawakutaka kukaa kwa sababu ya moshi. Alikaa hapo miaka kumi na mitatu. Miaka kumi na mitatu, kama Diwani.

Bunge lenyewe lilikuwa kichekesho. Mwaka mmoja walibishana wiki mbili ni ua gani liwe ua la jimbo. Tansley hakuchangia neno. Alikuwa na mswada mmoja tu uliomleta pale, naye aliubeba kila kikao kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Ulisema hivi: mfanyakazi wa reli akitaka kuacha kazi, kampuni impe barua ya kumwachilia ndani ya siku tatu. Maana kampuni zilikuwa zinaikalia barua hiyo. Hazisemi ndiyo wala hapana. Na bila barua hakuna reli nyingine ambayo ingempokea, hata angezunguka nchi nzima.

Niliposoma hapo niliinua kichwa nikatazama huku na huku, kana kwamba kuna mtu ananichungulia.

Kumbukumbu za bunge lile zimewekwa mtandaoni, kurasa zenye madoa, na mimi nikazifukua zote. Mwaka 1907: mswada wa Bwana Tansley umewekwa mezani. Mwaka 1909: umewekwa mezani. Mwaka 1911, umewekwa mezani. Vikao saba, mara saba mezani! Nilipiga ngumi pajani. Baba alijivunia mara moja maisha yake yote; huyu jamaa wa vidole vitatu, wa kiti cha moshi, alifika mezani mara saba. Nikaandika kwamba Mheshimiwa Tansley alikuwa mmoja wa wabunge walioheshimiwa mno jimboni, na ushahidi ni kwamba wenzake hawakuthubutu hata mara moja kuufungia mswada wake kwenye droo. Nikaweka aya nzima juu ya meza ya bunge kama mahali pa heshima. Ilikuwa aya nzuri, wallahi. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kikao chake cha mwisho, mwaka 1919, kumbukumbu zinasema mswada uliletwa, kisha, kabla ya kuwekwa mezani, mstari mmoja: Bwana Tansley alizungumza. Basi. Alisema nini, hawakuandika. Karani wa bunge lile aliandika matendo, si maneno. Nikapita.

Ramadhani ilikuwa imeingia. Ofisi zikawa zinafunguliwa saa chache, na mimi nikawa nampigia Mwangi kila siku ya pili.

"Bado iko mezani, Atha."

"Mezani tu?"

"Mezani tu. Vumilia, bro."

Nami nikawa nampigia baba kumwambia hivyohivyo, na kila nikimpigia sauti ilikuwa imepungua. Wiki ya tatu ilikuwa kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Wiki ya nne Winfred akawa ananisomea midomo yake. Siku moja dada alitoka nje na simu, nikasikia mlango ukifungwa.

"Athanas, wewe ndiye mzee anayekusikiliza. Mwambie aende akatwe. Mwambie maneno atayaandika."

"Hawezi kuandika, Winnie. Mikono inamtetemeka."

"Basi mwambie hivyohivyo! Unangoja nini?"

Nikamwambia zimebaki siku chache, barua iko mezani. Sasa niseme ukweli, maana humu hakuna wa kunikatiza: nilitaka kuyasikia maneno yale. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, nimekuwa nikifungua na kufunga kizuizi cha magari ya watu, na palikuwa na mtu mmoja duniani aliyeniwekea neno akiba. Nililitaka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, tunasema, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu.

Siku mbili baada ya Idi, katika wiki ya sita, insha ikarudi. Mteja wangu, kijana ambaye sijawahi kumjua jina, alikuwa ameandika kwa hasira pembeni mwa ile aya yangu nzuri. Alisema mwalimu ameisomea darasa zima, wakacheka. Alisema kwao Marekani mswada ukiwekwa mezani umeuawa. Ndiyo njia yao ya kuua: mtu anasimama, anaomba mswada uwekwe mezani, hakuna mjadala, wanaendelea na jambo lingine, na hakuna mbunge anayeonekana kuupinga. Tansley hakuheshimiwa. Aliuliwa mswada mara saba bila mtu hata mmoja kumwambia hapana. Mwishoni kijana akauliza: kwani wewe unatoka nchi gani?

Nilisoma mara tatu. Mara ya tatu sikuwa namsoma Tansley tena.

Siku iliyofuata nilimwomba Kiprop anishikie zamu kwa saa mbili. Nikachukua teksi hadi Najma. Mwangi alikuwa peke yake ofisini, na shati lake.

"Mwangi, nataka kukuuliza Kiswahili," nikasema. "Mezani maana yake nini?"

Akatazama mlango. "Kaa chini, Atha."

"Sikai. Mudiri ameiona barua yangu?"

"Mudiri alisafiri London wiki ya kwanza ya Ramadhani. Atarudi Septemba."

"Na wakati hajasafiri?"

Akakwaruza kucha kwenye ukingo wa dawati. "Sisi hapa hatukatai mtu. Ukimkataa mtu ataenda ubalozi, ataenda korti ya kazi, itakuwa story. Kwa hivyo hatukatai. Tunaweka mezani."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba imekataliwa? Haijakataliwa."

Nilinyanyua mkono. Kweli nilimnyanyulia mkono, mbele ya picha ya wakubwa ukutani. Yeye hakukwepa. Akafungua mlango wa ndani, akanionyesha meza ya mudiri: pana, kioo juu, na rundo la karatasi lenye vumbi. Akafunua kona ya chini. Karatasi ya Machi. Jina juu yake lilikuwa Mwangi. Alikuwa ameomba kwenda kumuona mtoto wake aliyezaliwa.

Mkono ukashuka wenyewe. Hata mtu wa kumpiga sikupata.

Nikampigia baba nikiwa barabarani, jua likiniwaka utosini. Winfred akaniweka karibu na sikio lake. Nikamweleza yote, bila kupamba: kwamba mezani kwa hawa ni kaburini, kwamba hata Wamarekani huua hivyo, kwamba siji, aende akatwe leo hii. Nikangoja. Nilisikia kitu kama karatasi ikikunjwa, ndiyo iliyokuwa sauti ya baba yangu. Kisha Winfred akasema, akilia:

"Anasema hao Wamarekani hawajui bunge. Anasema kitu kikiwa mezani kiko mbele ya kikao. Anasema usikate tamaa, imebaki kura."

"Mwambie nimekosea! Mwambie neno lile nililisema vibaya!"

"Nimemwambia. Anatabasamu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mtu aliyeliamini neno hilo tangu 1986, utamtoa vipi kwa simu ya dakika tano? Na mimi ndiye niliyempelekea neno lenyewe, tena nikicheka. Alikubali kurudi kwa daktari Jumatatu, si kukatwa, kupimwa tu, ili nikija nimkute ana nguvu. Jumatatu daktari akapima kifua, akakunja karatasi, akamwambia Winfred ampeleke mzee nyumbani ampikie anachopenda.

Kesho yake nilirekebisha insha. Haikunichukua hata saa moja. Nilifuta aya ya heshima nikaandika kwamba kwa miaka kumi na mitatu bunge lile halikuwahi kumjibu Bwana Tansley. Kwamba mwaka 1920 wapiga kura wakamchoka, kwamba alikufa 1923, na kwamba alichoacha ni mstari mmoja. Kijana akanijibu kwamba sasa ni sawa.

Jumatano, saa nane mchana, simu ikalia. Nilikuwa kitini kwangu, jengo limelala.

"Athanas, Diwani amekubali simu," Winfred akasema. Alikuwa ananong'ona kana kwamba yuko kanisani. "Amejua mwenyewe kwamba sauti inakwisha. Anakuambia leo. Ametutoa wote nje, na mimi natoka. Ni maneno ya mwana wa kwanza, hayasikiwi na mwingine."

"Mshikishe simu mdomoni, Winnie. Mdomoni kabisa!"

"Hataki. Amesema iwekwe mezani."

"Winnie!"

Lakini alikuwa ameshaiweka. Nilisikia simu ikigusa mbao. Ni ile meza ya sebuleni, ya mvule, naijua. Nilisikia mlango. Nilisikia kiti kikisukumwa nyuma, na hapo nikajua amesimama, maana diwani hasemi akiwa amekaa, na simu iko chini mbali na mdomo wake, na nani atamwambia? Nilimwita. Nilipiga kelele, "Baba, inama! Baba, sogea!" Hakusikia. Masikio yake nayo yalikuwa yamezeeka.

Kisha akaanza.

Nilisikia mabati yakialika kwa jua. Nilisikia kuku, na mbali kidogo pikipiki ikipanda mlima. Katikati ya hivyo palikuwa na pumzi, inakuja na kukatika, inakuja na kukatika, yenye mapigo ya mtu anayehutubia. Mara mbili aligonga meza kwa kiganja, kama alivyokuwa akigonga kwenye baraza anapofika kwenye jambo lenyewe, na nikajua hapo amefika kwenye jambo lenyewe. Nilibana simu sikioni hadi sikio likauma. Sikupata neno. Hata moja. Gari likaja mbele ya kizuizi, mpangaji wa ghorofa ya tano, akapiga honi, akapiga tena, akashusha kioo akanitukana, na mimi nimekaa na mkono juu ya swichi siwezi kuibonyeza, nikiogopa mlio wake utanifunikia silabi ambayo ningeipata.

Dakika kumi na moja. Kisha kiti kikavutwa. Kisha mlango, na Winfred.

"Amemaliza. Ameketi. Umesikia?"

Nilimsikia baba akihema karibu yake. Alikuwa anangoja.

"Mwambie nimesikia yote," nikasema. "Mwambie kila neno."

Akamwambia. Nikasikia kiganja kikigonga meza mara moja, taratibu.

"Amefurahi," Winfred akasema. "Alisema nini, Atha?"

"Ni ya mwana wa kwanza."

Nikainua kizuizi, nikamwomba radhi mpangaji, naye akapita bila kunitazama. Kisha nikavuta daftari la matukio, kwa sababu ndiyo kazi niliyoajiriwa, nikaandika: Saa nane na dakika kumi mchana. Mzee Barasa alizungumza.

Jioni msimamizi alipokuja kukagua alipita kurasa kwa kidole, akasimama hapo. Akauliza huyo Mzee Barasa ni wa nyumba namba ngapi, na alizungumza nini.

Nikamwambia hayo hayaandikwi.